Achari Hukaa Mwaka, Maharage ya Chupa Yanaweza Kuua: Nini Hasa Huhifadhi Chakula?

Novemba ikiingia, maembe ya pwani huanza kushuka bei, na kufikia Januari muuzaji anakubembeleza uchukue ndoo nzima. Dodo, bolibo, sindano, ngowe: yote yameiva kwa pamoja, na yote yataoza kwa pamoja. Bara nako ni yale yale kwa mazao mengine. Nyanya za Ilula zikifurika, tenga huuzwa kwa bei isiyorudisha hata gharama ya kuvuna. Machungwa ya Muheza hulala chini ya miti. Miezi michache baadaye, mtu yule yule aliyekuwa akitupa nyanya anazinunua moja moja.

Basi kila msimu watu huulizana namna ya kuhifadhi, na majibu yanagongana. Huyu anasema chemsha chupa, yule anasema usisumbuke, mimina mafuta juu. Mwingine anakuambia sukari ndiyo dawa, na wa nne anaapa kwa siki. Shangazi wa Mwanza hana habari na siki wala sukari. Yeye anakata, anaanika, basi. Wote wanasema kweli, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu kila mmoja anasema kweli kuhusu zao lake. Ukiichukua njia iliyotunza ndimu ukaihamishia kwenye njegere, unaweza kutengeneza sumu isiyo na harufu. Kabla hujauliza "nihifadhi vipi?", uliza chakula chenyewe kina uchachu kiasi gani na kina maji kiasi gani. Ukishayajua hayo mawili, ushauri uliokuwa ukigongana unajipanga wenyewe.

Kinachoharibu chakula ni vimeng'enya vya tunda lenyewe, ambavyo huendelea kuliivisha mpaka lilegee, pamoja na kuvu, chachu na bakteria waliotoka shambani, hewani na mikononi mwetu. Hawa wote wanahitaji maji. Wengi wao hawavumilii uchachu mkali. Moto huua sehemu kubwa yao, na baridi huwapunguza kasi bila kuwaua. Mapishi yote ya kuhifadhi, ya bibi na ya kiwandani, hutumia moja au mawili kati ya hayo: kunyang'anya maji, kuongeza uchachu, kupiga moto, kutia baridi. Kifuniko kilichobana hakimo katika orodha hiyo. Kifuniko huzuia wageni wapya tu, na kwa bakteria mmoja tutakayemfikia sasa hivi, chupa isiyo na hewa ni makazi anayoyatafuta.

Mstari wa 4.6

Uchachu hupimwa kwa kipimo cha pH. Maji safi yako kwenye 7, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo uchachu unavyopanda. Kila hatua moja ni mara kumi, kwa hiyo ndimu yenye pH 2.5 na papai lenye 5.5 zinatofautiana mara elfu moja, ingawa zote tunaziita matunda.

Wanaohusika na usalama wa vyakula wamechora mstari kwenye 4.6. Chini ya hapo, bakteria anayeitwa Clostridium botulinum hawezi kukua wala kutoa sumu yake. Juu ya hapo anaweza. Bakteria huyu anaishi udongoni kila pahali duniani, na hali ikiwa ngumu hujifungia ndani ya spora, ganda linalostahimili maji yanayochemka kwa saa kadhaa. Ndiyo maana maharage, karoti, njegere au mahindi mabichi yaliyofungwa chupani na kuchemshwa kwenye sufuria ya kawaida si salama hata ukiyachemsha mchana kutwa. Moto umeua kila kitu isipokuwa spora, umefukuza hewa, na kifuniko kimebana. Spora inaamka kwenye chakula laini kisicho na mshindani, katika joto la jikoni, na kutoa sumu inayolegeza misuli ya macho, ya koo, na mwishowe ya kupumulia. Ugonjwa huo unaitwa botulizimu. Chakula chenye sumu hiyo kinaweza kuonekana vizuri na kunukia vizuri kabisa.

Asidhani mtu kwamba ni ugonjwa wa Wazungu na makopo yao. Mwaka 1980 jarida la madaktari la Uingereza lilichapisha taarifa ya watu wa Kenya waliopata botulizimu kwa kula kumbikumbi. Chakula chetu kabisa, kisicho na uchachu.

Ili kuziua spora hizo, joto lazima lipande hadi kati ya nyuzi 116 na 121, na maji hayafiki huko bila kubanwa kwa presha. Viwanda vina mitambo yake. Nyumbani kuna vyombo maalumu vya presha vya kuhifadhia chupa, vikubwa, vyenye kipimo cha presha na ratiba iliyopimwa kwa kila chakula. Sufuria ya presha tunayopikia maharage haichukui nafasi yake, kwa sababu hupata moto na kupoa haraka mno, na muda ulioandikwa kwenye ratiba haukupimwa kwa chombo hicho. Msimamo wangu ni huu: kama huna chombo hicho na ratiba yake, usihifadhi mboga zisizo chachu kwenye chupa. Kuna njia nyingine nzuri za mboga, na zilikuwepo kabla ya chupa kuja.

Kuja kwenyewe si kwa zamani sana. Mfaransa Nicolas Appert ndiye aliyetangaza njia ya kufunga chakula chupani na kukichemsha, mwaka 1810, baada ya kupewa zawadi ya faranga 12,000 na serikali yake. Hakujua kwa nini ilifanya kazi. Maelezo ya vijidudu yalikuja miaka hamsini baadaye kwa Louis Pasteur. Ukiona leo mtu anahifadhi kwa mazoea bila kujua sababu, kumbuka kwamba hata mwanzilishi alikuwa hivyo. Sisi hatuna udhuru huo.

Sasa tuyapange mazao yetu. Upande salama wa mstari wako ndimu na limau, ukwaju, pasheni, nanasi, embe bichi, na plamu za Lushoto. Machungwa yamo, na mapera kwa kawaida yamo. Upande wa pili ni mboga zote za majani, maharage, njegere, karoti, viazi, maboga, uyoga, parachichi, na pia matunda mawili yanayowadanganya watu kwa utamu: papai na tikiti maji. Ndizi mbivu nayo husogea huko. Embe ni la kuangaliwa. Likiwa bichi ni kali kiasi cha kukufumbisha macho, lakini kadiri linavyoiva uchachu unapungua, na dodo lililoiva mpaka likalainika linaweza kuvuka mstari. Ndiyo sababu ya kukamulia ndimu kwenye jemu ya embe bivu. Wengi hudhani ni ya ladha tu.

Nyanya zimekaa pale pale penye mstari. pH yake hucheza kati ya 4.3 na 4.9 kutegemea aina na namna ilivyoiva, na huwezi kujua kwa kuonja. Kwa hiyo anayetaka kufunga nyanya chupani aongeze uchachu kila mara: vijiko viwili vya chakula vya maji ya limau ya dukani kwa kila chupa ya lita moja, au nusu kijiko cha chai cha asidi ya sitriki, ule unga mweupe mchachu. Maji ya limau ya dukani yanapendekezwa kwa kuwa uchachu wake haubadiliki. Limau la mtini, moja huwa kali na jingine limepoa. Na usitie kitunguu, hoho wala karoti ndani ya chupa hiyo kwa kukadiria. Kila mboga unayoongeza inavuta mchuzi upande usio salama. Funga nyanya tupu, kitunguu ukikaange siku ya kupika.

Ndimu na chumvi

Achari ya ndimu ni darasa zima la kuhifadhi ndani ya chupa moja, na ningependa kila anayeanza aanze nayo.

Chagua ndimu zenye ganda jembamba ambazo zimeanza kugeuka manjano. Zioshe na uzifute mpaka zikauke kabisa, kwa maana tone la maji ya bombani likibaki, ndilo litakalokuletea ukungu. Kila ndimu ipasue msalaba kutoka juu bila kufikisha kisu chini, vipande vinne vibaki vimeshikana. Ifumbue kwa vidole, jaza chumvi katikati, ifumbe, ishindilie kwenye chupa ya kioo. Ikijaa, funga, itoe juani.

Siku ya kwanza huoni kitu. Kisha maji yanaanza kujikusanya chini ya chupa, na baada ya siku chache ndimu za chini zinaogelea. Hukuongeza hata tone. Chumvi imeyavuta maji kutoka ndani ya ndimu yenyewe, na inavuta vile vile maji kutoka ndani ya kijidudu chochote kilichobaki. Tikisa chupa kila siku ili ndimu za juu zilowe. Baada ya wiki mbili tatu za jua zuri, ganda limekuwa rangi ya asali, uchungu umepungua, na ukilibonyeza linabonyea. Hapo ndipo wa Unguja na Mombasa wanapotia pilipili, bizari, uwatu, haradali na mafuta ya moto yaliyopoa, kila nyumba kwa mkono wake.

Angalia walinzi waliomo. Uchachu wa ndimu uko mbali sana chini ya 4.6. Chumvi imeyafunga maji yasitumike. Mafuta ya juu yanazuia hewa, na bila hewa ukungu haukui. Mlinzi mmoja akizembea, wawili wamebaki. Achari ya embe bichi hufuata mpango huo huo, ila vipande hupakwa chumvi na kuanikwa mpaka vinyauke kabla ya kukutana na viungo. Zile achari nyekundu za sukari na pilipili wanazonunua watoto Mombasa zina mlinzi mwingine: embe limekaushwa, na sukari imeyashika maji yaliyobaki.

Ila mafuta peke yake hayahifadhi kitu, na hapa nazungumza na jikoni zote zinazosaga kitunguu thomu na tangawizi kwa wingi. Thomu hutoka udongoni, haina uchachu wa kutosha, na ukiifunika kwa mafuta umeinyima hewa. Ni hali ile ile ya chupa ya maharage. Mwaka 1985 watu 36 waliokula kwenye mgahawa mmoja huko Vancouver, Kanada, walipata botulizimu, na chanzo kilikuwa thomu iliyowekwa ndani ya mafuta na kuachwa bila baridi. Thomu ya kusaga yenye mafuta ikae kwenye friji, si zaidi ya siku nne. Inayobaki igandishe: itandaze kwenye mfuko iwe bapa, na kila ukipika umege kipande. Kwenye mfuko uliogandishwa haina madhara.

Siki nayo ina sharti lake. Soma kibandiko, iwe na asidi asilimia 5. Siki iliyozimuliwa hulainisha ulimi lakini haishushi pH ya karoti na maharage machanga kiasi cha kutosha. Na ukishapata mapishi ya kuaminika ya mboga za siki, usipunguze siki kwa sababu wageni wako hawapendi ukali. Ongeza sukari ukitaka; siki iache.

Kuanika

Usukumani viazi vitamu huvunwa mvua zikikaribia kukatika, na mbele kuna miezi ya jua kali, upepo mkavu na ardhi ngumu isiyotoa kitu. Viazi vilivyomenywa, vikakatwa vibichi na kuanikwa huwa michembe. Vikichemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa, huwa matobolwa, ambayo ni matamu zaidi na watoto huyatafuna yakiwa makavu hivyo hivyo. Wateso wa Uganda wana yao ya namna hiyo, amukeke, na hadhi yake jikoni haitofautiani. Majani ya kunde nayo huchemshwa na kuanikwa yakawa nsansa, akiba ya mboga wakati wa kiangazi. Hakuna chupa, hakuna sukari, hakuna kuni za ziada. Ukiwa na gunia la michembe darini, kiangazi hakikutishi.

Naamini si bahati kwamba michembe ni ya Shinyanga na achari ni ya pwani. Hewa ya pwani ina unyevunyevu, na msimu wa maembe unaanza vuli ikiwa bado inanyesha. Embe lililokatwa asubuhi likaanikwa Tanga linaweza kuota ukungu kabla halijakauka, kwa hiyo watu wa huko walilisaidia jua kwa chumvi. Anayekaa Dodoma au Machakos anaweza kuanika embe tupu likakauka vizuri, wa Tanga atahitaji kikaushio cha jua chenye kifuniko cha nailoni angavu, au arudi kwenye achari. Kunakili njia ya mkoa mwingine bila kuangalia hewa yako ndiko kunakotupa vyakula vingi.

Ukianika, kata vipande vya unene mmoja, kama milimita tano hadi nane, visivyogusana, juu ya chekeche au wavu ulioinuliwa kutoka chini, na neti juu kwa ajili ya nzi. Majani yachovye kwanza kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili, kisha kwenye maji baridi, ili vimeng'enya vife. Bila hivyo hubadilika rangi na ladha hata yakiwa makavu. Kisha yaanike kivulini penye upepo. Jua la moja kwa moja hukausha haraka, lakini huunguza vitamini C na ile rangi ya chungwa ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na hicho ndicho kitu cha thamani zaidi ndani ya mchicha na ndani ya embe.

Swali gumu ni lini kimekauka. Majani yavunjike yakawa unga mkononi. Kipande cha embe kikunje: kinapinda bila kunata, na ukikichana huoni unyevu kwenye mpasuko. Halafu fanya jambo ambalo wengi huliruka. Tia vipande kwenye chupa ya kioo mpaka theluthi mbili, funga, acha kwa wiki moja ukitikisa kila siku. Vile vyenye unyevu zaidi huwagawia wenzao, na ukiona umande kwa ndani ya kioo, rudisha vyote juani. Ukiona ukungu, tupa. Usikate sehemu iliyooza ukala nyingine. Kukausha nusu ni hatari kuliko kutokausha, kwa maana chakula kinaonekana salama huku kuvu inafanya kazi. Mwaka 2004, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huko Ukambani yaliota kuvu wenye sumukuvu ya aflatoksini. Waliougua walikuwa 317 na waliokufa 125. Mahindi si maembe, lakini kosa la unyevu ni lile lile.

Jemu, na mlima unaobadilisha mapishi

Jemu hushikana kwa mambo matatu yakikutana: pektini ya tunda, uchachu, na sukari. Mapera yana pektini tele, na ndiyo tunda ninalompa anayejaribu kwa mara ya kwanza. Nanasi na embe bivu vina kidogo, ndiyo maana jemu zake humwagika kama shira. Tiba ni kuchanganya: robo ya matunda iwe ambayo hayajaiva sawasawa, na mbegu na maganda ya ndimu yafungwe kwenye kitambaa na kupikwa humo humo, kisha yatolewe. Sukari ikaribie uzito wa tunda. Najua ni nyingi, na najua bei yake. Lakini jemu ikishapikwa inatakiwa iwe na sukari kama asilimia 60 hadi 65 ili maji yawe yamefungwa. Ukitaka yenye sukari kidogo, pika, ila hiyo ni ya kuweka kwenye friji na kuliwa ndani ya wiki chache.

Tumia sufuria ya chuma cha pua. Zile za aluminiamu tulizozoea huliwa na uchachu. Jemu huchukua ladha ya chuma na sufuria hubaki na madoa.

Mapishi ya vitabuni yanasema jemu imeiva ikifika nyuzi 104 au 105. Hiyo ni kweli kwa Dar es Salaam na Mombasa. Kila ukipanda mita 300 hivi, maji huchemka kwa nyuzi moja chini zaidi. Nairobi, iliyo kama mita 1,700 juu ya bahari, maji huchemka karibu nyuzi 94, na jemu iko tayari ikifika 99. Mkazi wa huko akingoja 104 atapata gundi iliyoungua. Kanuni isiyokosea popote ni nyuzi nne au tano juu ya joto ambalo maji huchemkia kwenu, au kile kipimo cha sahani: weka sahani kwenye friza, dondoshea jemu, subiri kidogo, sukuma kwa kidole. Ikikunjamana, imeiva.

Urefu wa mlima huathiri pia uchemshaji wa chupa. Jemu ya moto ikishamiminwa kwenye chupa za moto na kufunikwa, chupa huzamishwa kwenye maji yanayochemka kwa dakika 5 kama uko pwani, 10 kama uko kati ya mita 300 na 1,800, na 15 kwa walio juu zaidi, wa Njombe na Nyahururu. Kupindua chupa kichwa chini badala ya kuichemsha ni mazoea yaliyoenea sana. Hakuui ukungu ulioingia wakati wa kumimina. Na chupa yoyote ambayo kifuniko kimevimba, au ikifunguliwa inaruka povu, usionje hata kwa ncha ya ulimi. Itupe pasipofikiwa na mtoto wala kuku.

Friza ndiyo inayosamehe zaidi. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri hakuna kijidudu kinachokua, chakula kiwe na uchachu au kisiwe nao, kwa hiyo njegere, kisamvu kilichotwangwa, mahindi mabichi na sukuma wiki viende huko baada ya kuchovywa maji ya moto. Nyanya hata huna haja ya kuzipika: zigandishe nzima, zikiyeyuka ganda linatoka lenyewe. Rojo la embe ligawe kwenye mifuko ya kipimo cha jagi moja la juisi. Umeme ukikatika, usifungue mlango. Friza iliyojaa hushikilia baridi kama siku mbili, iliyojaa nusu siku moja.

Wenzetu walioko Uingereza, Ujerumani au Minnesota wana msimu wao pia, maana kule miezi ya Septemba na Oktoba huleta matufaha, plamu, mapeasi na nyanya zilizokataa kuiva kabla ya baridi. Mstari wa 4.6 haujali bara. Matufaha na plamu ni salama chupani, na tufaha lina pektini kiasi cha kuokoa jemu ya embe la dukani. Mapeasi mengi yako chini ya mstari, lakini yale ya aina ya Asia hayana uchachu wa kutosha, yatiwe limau. Nyanya za kijani hutoka chatne nzuri sana kwa siki, tangawizi na pilipili, mithili ya achari ya embe bichi.

Kwenye maboga ndipo watu hujikwaa, huko na huku. Boga lililopondwa likawa rojo zito lisifungwe chupani nyumbani kwa njia yoyote, hata kwa chombo cha presha. Halina uchachu, na uzito wake huzuia moto kufika katikati ya chupa. Lililopikwa liende kwenye friza. Ambalo halijakatwa, lenye ganda gumu na kikonyo chake, liweke pakavu penye hewa, juu ya kichanja, lisigusane na jingine; litakaa miezi bila kuhitaji chochote.